Kuzunguka Michigan kwa Gari: Mwongozo Kamili wa Usiku Kumi Kando ya Maziwa

Inua mkono wako wa kulia, kiganja kikutazame, vidole vinne vimebana na kidole gumba kimeachia kidogo. Hiyo ndiyo ramani ya Michigan, na sifanyi mzaha: ukimuuliza mwenyeji anatoka wapi, atainua kiganja na kukuonyesha. Detroit iko chini ya kidole gumba, karibu na kifundo cha mkono. Grand Rapids iko upande wa pili wa kiganja. Traverse City iko kwenye shina la kidole kidogo, na Mackinaw City kwenye ncha ya kidole cha kati. Juu ya vidole, ng'ambo ya maji, kuna kipande kingine kirefu cha nchi kilicholala ubavu. Hiyo ni Rasi ya Juu, na wengi hurudi nyumbani bila kuiona. Ziwa Michigan liko kushoto, Huron kulia, Superior juu kabisa, na Erie linagusa kona ya chini tu.

Mimi ni mtoto wa Mwanza ninayeishi Grand Rapids. Kila mgeni anayefika kutoka nyumbani huja na orodha yake: Chicago, Detroit, maporomoko ya Niagara, vyote wiki moja. Namsikiliza, namkaribisha chai, kisha namwambia achague pwani moja aifuate taratibu. Umbali wa Marekani hauonekani kwenye simu, na maziwa haya yana hali ya hewa inayoweza kukuvunjia ratiba asubuhi moja. Ratiba iliyojazwa hadi ukingoni ndiyo huvunjika kwanza.

Hatua ya kwanza: chagua mwezi

Ukiweza kuchagua, nenda wiki mbili za mwanzo wa Septemba. Jumatatu ya kwanza ya mwezi huo ni sikukuu ya wafanyakazi, na baada yake watoto wamerudi shule, bei za vyumba zimeshuka, na maji ya Ziwa Michigan bado yana joto alilolikusanya jua la majira yote ya kiangazi. Julai ni mwezi mzuri lakini wenye watu wengi mno, hasa wiki ya tarehe 4 na siku za tamasha la cheri la Traverse City. Mwisho wa Septemba hadi katikati ya Oktoba majani ya Rasi ya Juu hugeuka mekundu na ya dhahabu, ila baadhi ya maboti na vibanda vya chakula huanza kufunga. Mei na Juni huko juu kuna mbu na inzi weusi wadogo wanaouma kweli. Kati ya Novemba na Aprili usijaribu safari hii kama hujawahi kuendesha kwenye theluji.

Jambo moja litakushangaza ukienda Juni: upande wa magharibi jua linazama karibu saa tatu na nusu usiku. Ndiyo, saa tatu na nusu usiku, bado kweupe. Saa zetu za Kiswahili zinachanganyikiwa kabisa hapo. Kwa anayeswali, Magharibi ni saa hiyo na Isha inakaribia saa tano, kwa hiyo panga chakula na usingizi ukijua hivyo.

Hatua ya pili: hesabu siku na uchague mwelekeo

Mzunguko ninaoupendekeza unaanzia na kuishia uwanja wa ndege wa Detroit. Unakwenda magharibi hadi Grand Rapids, unapanda kaskazini ukifuata Ziwa Michigan, unavuka Daraja la Mackinac, unaona Ziwa Superior, halafu unarudi kusini kwa barabara kuu ya I-75. Barabara yenyewe ni kama maili 1,100. Ukiongeza michepuko weka 1,250, yaani kilomita 2,000 hivi. Ni kama kutoka Dar hadi Mwanza kisha ukarudi njia zaidi ya nusu.

Kwa nini upande huu na si kinyume? Kwa sababu mbili. Ukipanda kaskazini polepole, kila jioni unakuwa kwenye pwani inayotazama magharibi, na jua linazama ziwani mbele yako. Ukirudi kwa barabara ya US-2 kuelekea mashariki, ziwa liko kulia kwako, upande unaoendeshea, na kuegesha pembeni kwenye mchanga ni kugusa breki tu.

Weka usiku kumi. Ukiwa na nane, kata Grand Rapids na usiku mmoja wa vilima vya mchanga vya Sleeping Bear, lakini usikate Rasi ya Juu. Ukiwa na minne tu, usivuke daraja. Baki Ludington na Sleeping Bear, kando ya Ziwa Michigan, ufurahie.

Hatua ya tatu: gari, leseni, pesa

Gari dogo la kawaida linatosha. Barabara zote nitakazozitaja zina lami. Soma mkataba wa kukodi: mara nyingi unakataza kupita barabara za vumbi, na ukikwama mchangani gharama ni yako. Aliye chini ya miaka 25 hutozwa nyongeza kila siku. Kampuni nyingi hutaka kadi ya mkopo ya kushikilia dhamana, na kadi ya kawaida ya benki huleta maswali mengi. Piga picha gari lote kabla hujatoka, pamoja na tairi na kioo cha mbele.

Leseni ya Tanzania, Kenya au Uganda inasomeka kwa Kiingereza, kwa hiyo trafiki ataielewa. Aliye na leseni ya Kifaransa, kutoka Kongo au Burundi, achukue leseni ya kimataifa nyumbani kabla hajasafiri, maana hiyo haitolewi ukiwa ugenini. Tembea na pasipoti yenyewe. Michigan inapakana na Kanada, na askari wa mpakani hufanya kazi mbali kidogo na mpaka pia.

Mafuta: 1,250 kugawa kwa maili 30 kwa galoni ni kama galoni 42. Galoni ni lita 3.8 hivi. Zidisha kwa bei ya siku hiyo. Ikiwa ni dola 3.50, andaa kama 150. Ukifika sheli, pampu itakuuliza namba ya posta ya kadi yako, na kadi ya kigeni haina namba hiyo. Usihangaike. Ingia ndani, mwambie mhudumu namba ya pampu na kiasi unachotaka, lipa, toka ujaze. Bei unazoziona kwenye rafu za maduka hazina kodi. Kaunta itaongeza asilimia 6, isipokuwa kwenye vyakula vya kupika nyumbani.

Hatua ya nne: jifunze barabara kabla ya ziwa

Kwa aliyezoea kuendesha kushoto, hatari haiko kwenye barabara kuu. Huko unafuata wenzako. Hatari iko asubuhi, ukitoka kwenye maegesho ya hoteli barabarani hakuna mtu, mikono ikakurudisha nyumbani. Mimi hubandika karatasi kwenye usukani siku tatu za kwanza: KULIA.

Mengine ya kukariri. Taa nyekundu unaruhusiwa kukata kulia baada ya kusimama kabisa, isipokuwa kibao kikikataza. Njia panda yenye vibao vya kusimama pande zote nne, aliyefika kwanza anaondoka kwanza. Basi la njano la shule likiwasha taa nyekundu, simama. Tangu katikati ya 2023 sheria ya Michigan inakataza kushika simu unapoendesha, hata ukiwa umesimama kwenye taa. Mwendo kwenye barabara kuu nyingi ni maili 70 kwa saa, kama kilomita 112, na barabara za vijijini kwa kawaida 55.

Kisha kuna kukata kushoto kwa Kimichigan. Uko kwenye barabara pana yenye majani katikati, unataka kuingia kushoto, na kibao kinakukataza. Unafanyaje? Unapita taa moja kwa moja kama huna habari. Mbele kidogo unakuta upenyo katikati, unageuza gari, unarudi ulikotoka, kisha unakata kulia. Mara ya kwanza unahisi umepotea, ila ndivyo barabara ilivyochorwa.

Na kulungu. Michigan inaandikisha ajali zaidi ya 50,000 za magari kugonga kulungu kila mwaka. Oktoba na Novemba ndiyo miezi mibaya zaidi, alfajiri na magharibi ndiyo saa mbaya zaidi. Ukimwona mmoja akivuka, punguza mwendo, kwa sababu wa pili na wa tatu wako nyuma yake vichakani. Akikurukia, shika usukani sawa na ukanyage breki. Wanaoumia zaidi ni wale wanaomkwepa wakaishia kwenye mti. Ndiyo maana nasisitiza: huko juu, ikishafika machweo, uwe umefika.

Hatua ya tano: weka nafasi kwa mpangilio huu

Kwanza Munising, mji wa kando ya Ziwa Superior, na eneo la Mackinaw, kwa sababu vyumba ni vichache na Julai chumba cha kawaida tu kinaweza kuzidi dola 200. Pili Sleeping Bear. Vingine vinasubiri. Kambi za mbuga za jimbo hufungua nafasi miezi sita kabla, na zile za kando ya maji huisha asubuhi hiyo hiyo. Ukilala kwenye hema, usibebe kuni kutoka kusini. Mdudu anayekula miti iitwayo ash aligunduliwa karibu na Detroit mwaka 2002, na amesambaa akisafirishwa ndani ya kuni za watu kama wewe na mimi. Nunua kuni hapo unapozichoma. Vijijini utaona fungu barabarani, kibao cha bei na kopo lenye tundu, hakuna mwenyewe. Weka hela, chukua kuni. Ndiyo, hela zinabaki kwenye kopo.

Viingilio ni vya aina mbili, na wageni huvichanganya. Sleeping Bear na Pictured Rocks ni hifadhi za taifa, na nilipopita mara ya mwisho kila moja ilikuwa dola 25 kwa gari kwa siku saba. Ludington na Tahquamenon ni mbuga za jimbo. Gari lenye namba za jimbo jingine hulipa kiingilio cha siku au cha mwaka langoni. Uliza namba za gari lako la kukodi ni za jimbo gani, maana si lazima ziwe za Michigan.

Hatua ya sita: njia yenyewe

*Usiku wa 1 na wa 2: Dearborn, kisha Grand Rapids*

Baada ya saa ishirini na kitu za ndege usiendeshe mbali. Dearborn iko dakika kama ishirini kutoka uwanjani, na ndiyo sehemu nzuri ya kulala kwa Mswahili mwenye njaa: mji wa Waarabu wengi, nyama ya halali kila kona, mkate wa moto, na kahawa inayokukumbusha Mombasa. Asubuhi, mwenye kupenda mashine aende jumba la makumbusho la Henry Ford. Mwenye kupenda picha aende taasisi ya sanaa ya Detroit akaone kuta alizochora Diego Rivera mwaka 1932 na 1933, wafanyakazi wa kiwanda cha magari wakihangaika kutoka sakafuni hadi darini.

Onyo, na hili ni zito kuliko mengine yote. Katikati ya Detroit kuna daraja na njia ya chini ya mto zinazokwenda Windsor, Kanada. Ukikosea njia moja tu umeshaingia kwenye foleni isiyo na pa kugeuzia. Mwenye viza ya kuingia mara moja, au anayesubiri maombi ya hifadhi, anaweza kujikuta nje ya Marekani kwa kosa la kugeuza usukani. Mimi niliponea chupuchupu usiku mmoja wa mvua, simu ikiniambia "endelea mbele" kwa sauti ya upole kabisa. Tangu hapo nina sheria moja: kibao chochote chenye neno Canada, natoka kwenye njia hiyo mapema, hata kama simu inalalamika.

Kutoka hapo hadi Grand Rapids ni maili 160 za barabara tambarare isiyo na la kusimulia. Grand Rapids nayo nisiisifu sana, ni nyumbani. Ila jua kwamba ukifika upande wa kusini wa mji, Kentwood na maeneo ya karibu, utasikia Kiswahili dukani. Wakongo wengi wamehamia hapa, na Kiswahili chao cha Kivu na Katanga ndicho kinachouza sombe, unga wa muhogo, dagaa na pilipili. Nunua huko. Ukishapita Ludington hutaviona tena, na nyama ya halali pia itakuwa ya kutafuta kwa tochi. Beba boksi la barafu na jiko dogo la gesi.

*Usiku wa 3: Ludington*

Pita Holland uone mnara mwekundu wa taa kama una muda. Kama huna, hakuna ulichokosa isipokuwa ni Mei, wakati wa maua ya tulipu. Ludington ndiko safari inakoanza hasa. Ndani ya mbuga yake kuna mnara wa taa wa Big Sable, futi 112, umepakwa mistari myeupe na myeusi, na gari halifiki. Unatembea kama kilomita tatu mchangani na kurudi, ziwa likiwa upande mmoja. Nenda alasiri.

Hapa pia ndipo utazame bendera za ufukweni kabla hujavua viatu. Kijani, ogelea. Njano, kuwa macho. Nyekundu, baki mchangani. Nyekundu mbili, kuingia majini ni marufuku. Sisi tuliokulia ziwani ndio wakaidi zaidi: hakuna chumvi, hakuna mamba, hakuna kiboko, basi tunajitosa. Ziwa Michigan lina mikondo inayokuvuta kwenda ndani, na ya hatari zaidi ni ile inayopita kando ya gati za zege. Usitembee juu ya gati mawimbi yakiwa yanaipanda, hata kama wengine wanapiga picha.

*Usiku wa 4 na wa 5: Sleeping Bear*

Kutoka Manistee fuata barabara ya M-22. Ni maili 116 hadi Traverse City, na usiikimbilie. Hifadhi ya Sleeping Bear ilianzishwa mwaka 1970, na jina lake linatoka kwa Waanishinaabe, wenyeji wa maziwa haya. Dubu mama na watoto wake wawili walikimbia moto upande wa pili wa ziwa, wakaogelea. Mama alifika, akapanda juu akisubiri. Watoto walizama wakiwa wamekaribia. Yeye amekuwa kilima cha mchanga, wao ni visiwa viwili vya Manitou unavyoviona mbele yako.

Zunguka njia ya Pierce Stocking, maili 7.4, gari likienda polepole. Kituo cha tisa ndicho chenye kisa. Unasimama juu ya mteremko wa mchanga wenye futi 450, kama mita 137, na maji ya bluu yako chini ya miguu yako. Vijana wanashuka mbio kwa dakika chache. Kisha inabidi wapande. Nimemwona baba mmoja akipanda kwa mikono na magoti, hatua moja juu, nusu hatua chini, maji yamemwishia, na watoto wake juu wakimshangilia kama yuko uwanjani. Wengine huchukua saa mbili. Kuna kibao kinachoonya, na ukishindwa kupanda utaokolewa kwa gharama. Kama unataka kupanda mchanga, nenda kile kilima kilichotengwa kwa ajili hiyo karibu na Glen Arbor.

Siku ya pili nenda Leland. Kuna vibanda vya mbao vya wavuvi kando ya mto mfupi unaoingia ziwani, vimechakaa na kuwa vya kijivu, na samaki bado wanabanikwa humo. Mjomba wangu alipokuja kunitembelea, mvuvi wa Ukerewe tangu ujana, alikuwa amenyamaza siku tatu nzima akitazama maji. Tukaingia kibandani, moshi ukampiga usoni, akafunguka.

"Huu ni mti gani wanaochomea?"

"Sijui, mjomba. Ngoja niulize."

"Usiulize. Nunua kwanza."

Tulifungua karatasi juu ya buti la gari. Samaki mweupe wa ziwani, ngozi yake imekuwa rangi ya shaba, nyama inaachia vipande vipande ukigusa. Alikula kwa vidole, polepole, akichomoa miiba na kuipanga kwenye ukingo wa karatasi. "Wamebanika sawasawa," akasema, "ila pilipili hawaijui." Kisha akanyoosha mkono ziwani: "Na mitumbwi iko wapi? Ziwa lote hili?" Nikamweleza kwamba uvuvi wa biashara hapa ni wa leseni chache. Alitikisa kichwa kama mtu aliyeambiwa shamba zuri halilimwi.

*Usiku wa 6 na wa 7: Petoskey, daraja, kisiwa*

Kutoka Traverse City hadi Mackinaw City ni maili 100 hivi. Simama Petoskey, tembea kwenye kokoto za ufukweni ukizitazama zikiwa na maji. Ukiona jiwe lenye pembe sita sita kama sega la nyuki, hilo ni tumbawe lililogeuka jiwe mamilioni ya miaka iliyopita. Likikauka mchoro unafifia, ndiyo maana watu huokota wakiwa wamelowa. Sheria inaruhusu ratili 25 kwa mwaka kwenye ardhi ya jimbo, lakini ndani ya hifadhi za taifa usiokote hata moja.

Mackinaw na Mackinac, moja inaishia na w na nyingine na c, zote zinatamkwa "Makino". Ukisema "Makinaki" watakusamehe, ila watajua.

Daraja la Mackinac lilifunguliwa tarehe 1 Novemba 1957. Lina urefu wa karibu kilomita nane, na katikati barabara iko futi 200 juu ya maji. Ushuru wa gari dogo nililipa dola 4. Njia ya ndani ni wavu wa chuma: tairi zinavuma, na abiria akichungulia anaona maji chini. Njia ya nje ina lami. Mwoga achukue ya nje na atazame gari la mbele yake. Mwoga zaidi apige simu kwa wahusika wa daraja, na mfanyakazi wao atamvusha akiendesha gari lake kwa ada ndogo, hakuna anayecheka. Upepo ukizidi, mwendo hupunguzwa na wakati mwingine daraja hufungwa. Asubuhi ya ile Jumatatu ya kwanza ya Septemba hufungwa kwa magari ili watu watembee kwa miguu, kwa hiyo usipange kuvuka saa hizo.

Mimi huvuka kwanza, nikalala St. Ignace, halafu nikapanda boti ya kisiwani kutoka huko. Kisiwa cha Mackinac kilipiga marufuku magari mwaka 1898 na hakijabadili mawazo. Ni farasi, baiskeli na miguu. Kodi baiskeli uzunguke kisiwa chote kwa barabara ya M-185, kilomita 13 za tambarare kando ya maji, kisha urudi na boti ya jioni. Kulala kisiwani ni ghali na si lazima. Halua yao ya chokoleti imesifiwa kupita kiasi, hayo ni maoni yangu. Nunua kipande kimoja kwa watu wanne.

*Usiku wa 8 na wa 9: Superior*

Jaza tanki St. Ignace. Kuanzia hapa, tanki likifika nusu unajaza tena, na ramani uwe umezipakua kwenye simu, maana mtandao unakatika kwa saa nzima. Rasi ya Juu ina zaidi ya robo ya ardhi ya jimbo na asilimia 3 tu ya watu wake.

Nenda kaskazini hadi Paradise, kama maili 70. Kwenye Whitefish Point kuna makumbusho ya meli zilizozama, na ndani yake kengele ya Edmund Fitzgerald, iliyotolewa majini mwaka 1995. Meli hiyo ilizama tarehe 10 Novemba 1975 na watu wote 29. Ukiwa mtu wa Mwanza, uliyekua ukisikia majina ya waliozama na MV Bukoba, unasimama mbele ya kengele hiyo muda mrefu kuliko ulivyopanga.

Maporomoko ya Tahquamenon yako jirani: futi 200 kwa upana, karibu futi 50 kwenda chini, na maji rangi ya chai ya rangi iliyokolea. Si uchafu, ni rangi inayotoka kwenye mierezi na miti mingine ya vinamasi vya juu ya mto. Kisha shika M-123 hadi Newberry, M-28 hadi Seney, panda Grand Marais, ufuate H-58 hadi Munising. Ndiyo njia ndefu, lakini fupi yake ni maili 25 zilizonyooka kama rula ambazo usingizi unaziotea.

Munising ndipo unapolala usiku mbili, na sababu ni moja: Superior. Ndilo ziwa kubwa kuliko yote ya maji baridi duniani kwa eneo, kilomita za mraba 82,000. Nyanza letu ni la pili. (Kwa kina Tanganyika inalimeza, mita 1,470 kwa 406, na huwa siachi kuwaambia.) Likikasirika boti hazitoki. Kata tiketi ya boti ya Pictured Rocks siku ya kwanza unayoweza, ili ikifutwa una siku ya akiba. Boti ya alasiri ni bora, jua likiwa linapiga miamba: chuma kimeipaka nyekundu, shaba imeipaka kijani, manganizi nyeusi. Usikodi kayaki ndogo uende peke yako. Maji haya ni ya baridi hata Agosti, na mwili unaacha kukutii mapema.

Chakula cha huku ni pasti, sambusa kubwa kama kiatu yenye nyama, viazi na mzizi uitwao rutabaga, waliyoileta wachimba migodi kutoka Cornwall. Moja inatosha wawili. Pilipili yako ibebe mwenyewe.

*Usiku wa 10 na kurudi*

Shuka Manistique ukaone Kitch-iti-kipi, chemchemi yenye kina cha futi 40, maji nyuzi 7 za Selsiasi mwaka mzima, hayagandi wala hayapati joto. Unavuka kwa chelezo unachokisukuma mwenyewe kwa gurudumu, na chini unaona mchanga ukitokota kama uji. Kisha US-2 kuelekea mashariki, ziwa kulia kwako. Simama popote penye nafasi salama. Hii ndiyo mara ya mwisho.

Baada ya daraja, I-75 hadi uwanja wa ndege ni kama saa nne na nusu. Lala njiani, Gaylord au karibu na hapo, usiunganishe siku nzima. Jaza tanki kabla ya kurudisha gari, kwa sheli iliyo mbali kidogo na uwanja. Na zile chupa na makopo ya soda yaliyojaa kwenye buti usiyatupe: Michigan hulipa senti 10 kwa kila moja ukiyarudisha kwenye mashine za maduka makubwa. Mara ya mwisho mimi na mjomba tulipata dola 4 na senti 30. Alizihesabu mara mbili, akasema zimelipa daraja.